Mholi usiozaa: ni mgumba au ni dume?

Desemba ya mwaka juzi nilipokea picha na ujumbe wa sauti kutoka kwa dada mmoja wa Mombasa anayeishi Leicester, Uingereza. Pichani ulikuwa mti wa kimo cha mtu na nusu, majani ya kijani yanang'aa kama yamepakwa mafuta, umesimama peke yake pembeni ya uzio. Sauti ilikuwa ya malalamiko: "Kaka, huu ni mwaka wa sita tangu niupande. Wa jirani umejaa punje nyekundu mpaka matawi yanainama. Wangu hata moja sijaiona. Niliuziwa mgumba?"

Nikamuuliza: kwani kwenu Mombasa hamkuwa na mpapai uani?

Alicheka, halafu akanyamaza. Nadhani jibu alilipata pale pale. Lakini swali lake huulizwa na wengi kila mwisho wa mwaka, na majibu yanayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp huchanganya mambo matatu yasiyohusiana: jinsia ya mti, "uasili" wa mti, na imani za Krismasi. Ngoja tuyatenganishe, tukianza na majina.

Mti wenyewe kisayansi ni Ilex aquifolium. Waingereza huuita holly. Kiswahili hakijaupa jina lililoshika, lakini lugha iliyoigeuza eucalyptus ikawa mkaratusi haishindwi na huu, kwa hiyo humu nitauita mholi. Hata kama hujawahi kutoka Afrika Mashariki, jani lake unalijua. Ni lile la kijani kizito lenye ncha za miiba pembezoni, limeshikana na punje nyekundu mbili tatu, kwenye kadi za Krismasi na mapambo ya plastiki yanayojaa madukani kila Desemba. Usiuchanganye na mkrismasi wetu wa Pwani, ule unaowaka maua mekundu barabarani mwisho wa mwaka. Huo ni Delonix regia, na kwao ni Madagaska.

Sasa hilo neno "mti wa asili". Maana yake ni mti uliofika mahali kwa njia zake mwenyewe, kwa upepo, kwa maji au kwa tumbo la ndege, bila mkono wa mtu. Uingereza kipimo chake ni rahisi kukieleza. Barafu kubwa ilipoyeyuka, mimea ilianza kurudi kutoka kusini. Kisha, takriban miaka 8,000 iliyopita, bahari ilipanda ikakikata kisiwa kutoka bara la Ulaya. Iliyowahi kuvuka ndiyo ya asili, na mholi ni mmojawapo. Iliyokuja baadaye, ikiletwa na watu, inahesabiwa kuwa ya kigeni hata kama imekaa karne nyingi.

Nyumbani tunalikosea neno hili kila siku. Mwambie mtu akutajie miti ya asili ya Tanzania au Kenya, atakutajia mwembe na mwarobaini kabla hujamaliza kuuliza. Yote miwili kwao ni Asia. Tumeizoea mpaka tumesahau kwamba ilivuka bahari. Na mti wa kigeni si mti mbaya. Mwembe umetulisha vizazi na vizazi, mwenye akili hawezi kuutukana. Kuna daraja la tatu, mti vamizi, yaani mgeni aliyekaribishwa sebuleni akaishia kuwatoa wenyeji nyumbani. Mathenge wa Baringo, Kenya, ndio mfano wetu. Uliletwa miaka ya 1980 ili ushike udongo na kutoa kuni, leo umefunga njia za mifugo na malisho, na mbuzi wanaoishi kwa maganda yake matamu wanaharibika meno.

Shika hapo, kwa sababu tutarudi: uasili ni suala la mahali. Hakuna mti ulio "wa asili" tu hivi hivi, bila kutaja ni wa wapi.

Na "wanyamapori", wale wanaosemwa kunufaika na mti wa asili? Likitajwa neno hilo, akili zetu zinakwenda Serengeti moja kwa moja. Kwenye bustani ya Kiingereza yenye ukubwa wa sebule mbili, wanyamapori ni nyuki, vipepeo, vyura, ndege wadogo na, ukibahatika, kalunguyeye. Bustani inayowafaa haina siri kubwa. Inatakiwa chakula, maji, maficho, na mwenye nyumba asiye na haraka ya kufagia.

Turudi kwenye mpapai.

Kila aliyekulia penye shamba anajua kuna mpapai dume na mpapai jike. Dume hutoa vikonyo virefu vya maua yanayoning'inia, nyuki wanalishangilia, ila papai hutalila. Ndiyo maana wakulima huweka miche mitatu minne shimo moja, wakasubiri maua, kisha wakang'oa madume ya ziada na kubakiza machache ya kuhudumia majike. Mtende nao ni hivyo hivyo. Huko Oman na Ghuba watu hukwea mitende jike kila msimu na kuitia chavua ya dume kwa mikono yao, kwani kungojea upepo ni kubahatisha.

Mholi una tabia hiyo hiyo. Kila mti ni dume au jike, basi. Jike ndilo huzaa punje nyekundu, na huzaa endapo kuna dume jirani na nyuki wa kuleta chavua. Dume halizai hata ukilimwagilia maziwa. Mbolea haisaidii, kupogoa hakusaidii, wala hakuna dawa ya kuuziwa. Nalisema hili kwa sababu nimeona watu wakishauriana kuweka chumvi ya Epsom kwenye mizizi ya mti ambao, masikini, haukuwa na kosa lolote.

Kulijua dume na jike hakuhitaji mtaalamu. Kunahitaji mwezi Mei na macho yaliyosogea. Maua ya mholi ni meupe, madogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, yamejibana kwenye kwapa la jani, na kila ua lina petali nne. Washa kamera ya simu, vuta karibu. Ukiona katikati nyuzi nne zimesimama imara, vichwa vyake vina unga wa njano unaobaki kidoleni ukigusa, hilo ni dume. Ukiona katikati kitufe cha kijani kama punje changa ya pilipili manga, na pembeni yake nyuzi nne dhaifu zisizo na unga, hilo ni jike. Kile kitufe ndicho kitakachokuwa kijitunda chekundu. Mimi mara ya kwanza nilipiga picha ishirini hivi, nusu yake zikiwa za kidole changu, lakini ya ishirini na moja ilionyesha kila kitu.

Ubaya ni kwamba nilipiga picha hizo baada ya kuingia mkenge. Mwaka wangu wa kwanza Sheffield nilinunua mche kwenye duka moja la miti. Jani lake lina ukingo mweupe, zuri ajabu, na kibao kimeandikwa 'Silver Queen'. Malkia wa fedha! Nikasema hili ni jike bila shaka, na muuzaji akaitikia kwa kichwa, akaniambia baada ya miaka miwili nitaona punje. 'Silver Queen' ni dume. Na ule mwingine maarufu, 'Golden King', mfalme wa dhahabu, ni jike. Waliozibatiza hizo mbegu sijui walikuwa wanawaza nini, ila tangu hapo sinunui mti kwa kuangalia cheo chake.

'Golden King' ina jambo jingine linalowahusu wanaotaka bustani ya asili. Si mholi halisi wa Uingereza, ni chotara: mzazi mmoja ni Ilex aquifolium, mwingine ni Ilex perado wa visiwa vya Atlantiki kama Madeira. Ndege hawataulizia pasipoti yake, watakula tu. Lakini kama nia yako ni mti wa asili, chukua ule wa kawaida wa kijani usio na madoido, na uulize kama umekuzwa kutokana na mbegu za hapo nchini. Mwenye nafasi ya mti mmoja tu na asiyejua majirani wana nini anaweza kutafuta 'J.C. van Tol', ambao ni jike lenye uwezo wa kuzaa bila dume. Una miiba michache pia, kwa wenye watoto.

Ila kabla ya kununua chochote, tembea mtaani kwako Desemba. Ukiona mholi umejaa punje nyekundu, ujue dume lipo karibu mahali fulani. Nyuki hawasomi hati za viwanja. Dume moja huhudumia majike mengi, kwa hiyo mara nyingi wewe unahitaji jike tu, dume ni la jirani.

Watu huniuliza kwa nini mti huu unasifiwa hivyo na wapenda ndege. Kuna mambo mengi, ila mimi huanza na jani. Miti mingi ya Uingereza hupukutisha majani yote majira ya baridi, kama mbuyu unavyofanya kiangazi, na kwa sababu inayofanana. Udongo ukiganda, mizizi haipati maji. Baridi ya huku ni ukame wa aina yake. Mholi hautupi majani. Umeyavika nta nene inayozuia maji kutoka, ndiyo ule mng'ao unaouona. Basi Januari, wakati miti mingine ni fito tupu, mholi ni nyumba yenye paa na kuta. Ndege mdogo mwenye uzito wa sarafu chache akilala ndani yake, upepo haumfikii, na mwewe anayejaribu kupenya atajutia.

Maua ya Mei huwapa nyuki nekta na chavua. Kuna pia kipepeo mdogo wa buluu, Celastrina argiolus, ambaye maisha yake ni kama ya mtu mwenye nyumba mbili. Kizazi cha majira ya kuchipua hutaga mayai kwenye vitumba vya maua ya mholi. Watoto wao wakikua, wenyewe hutaga kwenye vitumba vya aivi, ule mtambaazi wa ukutani unaochanua kuelekea mwisho wa mwaka. Ukipanda mholi na kuufyeka aivi wote ukidhani ni magugu, umempa kipepeo nyumba ya nusu mwaka.

Halafu kuna madoa. Baada ya muda utaona kwenye majani mabaka ya njano na kahawia, kama mtu ameyachoma kwa sigara. Usikimbilie dukani kutafuta sumu. Ni kazi ya Phytomyza ilicis, nzi mdogo ambaye funza wake huishi katikati ya ngozi mbili za jani, kama karatasi ndani ya bahasha, na hali mti mwingine wowote isipokuwa mholi. Mti haufi kwa sababu yake. Chunguza mabaka hayo majira ya baridi, utakuta mengine yamepasuliwa mpasuo mdogo wenye ncha tatu. Ni mdomo wa ndege mdogo wa buluu na njano, Cyanistes caeruleus, aliyefungua bahasha akala barua. Ukipuliza dawa, umemnyima chakula wakati wa njaa.

Punje nyekundu ndizo zinazopigiwa debe, na ndizo zinazoeleweka vibaya. Vunja moja kwa kucha. Ndani nyama yake ni ya njano iliyopauka, kavu kidogo, na katikati kuna vijikokwa vinne vimebanana. Zinaiva kuanzia vuli, lakini mwanzoni ni ngumu na chungu, ndege huzipita wakaenda kwenye vitamu zaidi. Hilo ni jambo jema. Yanapoisha matunda ya vichaka vingine, baridi ikiwa imeshazilainisha punje, mholi unabaki ghala lisilofunguliwa. Ndege weusi wenye midomo ya rangi ya chungwa huzifuata, na ndugu zao wanaohama kutoka Skandinavia kukimbia theluji huzifuata pia.

Kuna mmoja, Turdus viscivorus, wa kijivu mwenye madoa kifuani, ambaye hufanya kituko kinachostahili kusimama dirishani na chai yako. Huuchagua mholi mmoja wenye punje nyingi na kuufanya mali yake. Hukaa juu kabisa, na ndege yeyote akisogea humshukia kwa kelele inayofanana na njuga kavu ikitikiswa. Akifanikiwa, mti huo utabaki mwekundu hadi mwisho wa baridi huku miti ya jirani imeshakwanguliwa. Baridi ikizidi sana, wageni wa Skandinavia huja kundi zima, na mlinzi mmoja hawezi kundi. Ghala lake huisha kwa siku chache. Kwa hiyo ukiona mholi wako bado umejaa Februari, usidhani ndege hawaupendi. Huenda una mlinzi.

Hapo ndipo inapozaliwa ile imani kongwe ya Waingereza, kwamba punje zikiwa nyingi basi baridi kali inakuja. Nimeisikia hata kwa Waswahili wa huku, wamekwisha kuiokota. Hesabu yake haiji. Wingi wa punje hutegemea mambo yaliyokwishapita: vitumba vilivyowekwa mwaka uliotangulia, hali ya hewa ya Mei maua yalipofunguka, kama baridi ya ghafla iliyaunguza na kama nyuki waliweza kutoka. Mti unakusimulia Mei ilivyokuwa. Haupigi ramli.

Je, ni sumu? Kwa binadamu na mbwa, ndiyo, punje hizo husababisha kutapika na kuharisha, na mtoto mdogo asiachiwe achezee. Kwa ndege hapana. Kama hilo linakushangaza, fikiria pilipili kichaa uani kwenu: wewe inakuliza, ndege anaimeza nzima nzima kwa sababu ule ukali hausikii. Mmea unachagua nani abebe mbegu zake.

Swali jingine ni lile la mmea wa kubusiana chini yake, ambao kwenye nyimbo na filamu za Krismasi huja pamoja na mholi hadi watu hudhani ni kitu kimoja. Huo ni kirukia. Ni ndugu wa vile virukia vinavyoota juu ya miembe na michungwa yetu na kuinyonya, na punje zake ni nyeupe. Vitu hivi viwili vinaunganishwa na mambo mawili: yule mlinzi wa kijivu, anayekula punje za vyote, na ulimbo. Wawindaji wa Ulaya ya zamani walitengeneza ulimbo wa kunasia ndege kwa magome ya mholi, na wengine kwa punje za kirukia. Mtoto yeyote wa shamba aliyewahi kupaka ulimbo kwenye kijiti anajua nazungumzia nini.

Na miiba. Wengi huniambia mti wao "umebadilika": majani ya chini yana miiba mikali, ya juu laini yasiyo na kitu. Haujabadilika, ndivyo ulivyo. Miiba ni ya kuwazuia wanyama wanaokula majani, na huko juu hawafiki. Migunga yetu ina ujanja huo huo, inayoliwa sana hurefusha miiba yake. Mwaka 2012 watafiti wawili wa Kihispania, Carlos Herrera na Pilar Bazaga, walionyesha jinsi mholi unavyofanya. Jani la miiba na jani laini la mti mmoja yana jeni zile zile, ila alama za kikemikali zinazobana jeni ni chache kwenye jani la miiba. Chukulia nakala mbili za kitabu kimoja cha mapishi. Maneno ni yale yale, ila nakala moja baadhi ya kurasa zimebanwa klipu, mpishi hazioni. Mnyama akitafuna matawi, mti unaondoa klipu.

Wafugaji wa kaskazini mwa Uingereza walilijua hilo karne nyingi kabla ya maabara, bila jina la kisayansi. Baridi ikikaza na nyasi zikiisha, walikata matawi ya juu, yale laini, wakawapa kondoo. Ni kama sisi tunavyokata majani ya miti kulisha mbuzi kiangazi. Ilikuwa mkosi kuukata mholi mzima, na nadhani mkosi huo ulikuwa na mantiki: nani akate ghala la lishe?

Tuje kwenye kupanda, ambako hakuna mengi.

Mche mdogo wa goti au chini ya hapo unashinda mti mkubwa wa bei mbaya. Mholi hauvumilii mizizi kusumbuliwa, mkubwa ukihamishwa hununa miaka miwili mitatu, mdogo unaushika udongo na kuupita. Panda Oktoba au Novemba wakati ardhi bado ina vuguvugu, au Machi na Aprili. Shimo liwe na kina cha chungu chake, upana mara mbili. Usiuzike zaidi ya ulivyokuwa chunguni. Kivuli cha nusu siku unakivumilia, ila jike likipata jua huzaa zaidi. Udongo wowote, mradi maji hayatuami. Weka matandazo ya majani makavu kulizunguka shina bila kuligusa, na umwagilie majira ya joto ya mwaka wa kwanza na wa pili. Kisha kaa. Mti huu unaoweza kuishi miaka 300 na kufika mita 15 hauna haraka na mtu.

Wanaotaka kuotesha mbegu wajue mbegu za mholi hulala. Mwaka mmoja na nusu ni kawaida, wakati mwingine zaidi, na usimwage chungu chako kwa hasira mwaka wa kwanza. Jinsia hutaijua mpaka mti uchanue, sawa na papai ila subira yake ni ya miaka. Kipandikizi cha tawi ni njia ya uhakika: ukikata kwa jike utapata jike.

Kupogoa kuna mtego. Maua hutokea kwenye matawi ya mwaka uliopita, kwa hiyo anayeukata mholi kama mpira kila mwaka ndiye huyo huyo atakayelalamika haoni punje. Kwetu Marangu uzio wa masale unakatwa wakati wowote. Uzio wa mholi uuache Machi hadi Agosti, ndege wanatotoa humo, na sheria ya wanyamapori ya huku Uingereza ya mwaka 1981 inaharamisha kuharibu kwa makusudi kiota kinachotumika. Majani yaliyoanguka chini, makavu na ya kuchoma, usiyafagie. Kalunguyeye hulala usingizi wa baridi chini yake, na yeye miiba haimtishi.

Niliahidi kurudi kwenye suala la mahali. Haya yote ni kweli Uingereza, na kwa sehemu kubwa ya magharibi na kusini mwa Ulaya. Ni kweli hata kwenye milima ya Morocco na Algeria, maana mholi huu ni wa asili huko pia, jambo ambalo watu wengi wanaoudhani wa Kizungu mtupu hawalitegemei. Lakini Waswahili mlioko Seattle na Portland, msinifuate. Huko mti huu ulipandwa kwa biashara ya mapambo ya Krismasi, ndege wakabeba mbegu, na sasa unajiotea msituni na kufunika mimea ya wenyeji. Kwenu ninyi ni mathenge wenye punje nyekundu. Walioko mashariki mwa Marekani wana wao, Ilex opaca, ambao ndio mti rasmi wa jimbo la Delaware, na wana Ilex verticillata unaopukutisha majani na kubaki na punje tupu kwenye fito. Nao wote wana dume na jike.

Na mliobaki nyumbani mna wenu. Jamii ya Ilex ina aina zaidi ya 500 duniani, na kusini mwa Sahara, Afrika bara imejaliwa moja, Ilex mitis. Unaota kwenye misitu ya nyanda za juu za Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na mashariki mwa Congo, hasa karibu na vijito. Jani lake halina miiba, lina kikonyo chenye wekundu wa zambarau, magome yamepauka. Maua meupe yana harufu nzuri, punje ni nyekundu vile vile, na ndege huzigombania. Mimi nilikulia chini ya misitu ya Kilimanjaro ambako mti huu upo, nikapita chini yake mara ngapi sijui nikienda kutafuta kuni, halafu ikabidi nifike Sheffield ndipo nijue una ndugu kwenye kadi za Krismasi. Mwenye kiwanja Marangu, Lushoto, Limuru au Kabale, penye ubaridi na maji, asihangaike kuagiza mche wa Ulaya. Atafute mbegu mbichi za huo, azioshe nyama, azipande mara moja kabla hazijakauka. Apande kadhaa. Sababu anaijua.

Yule dada wa Leicester alinitumia picha nyingine Mei iliyofuata. Alikuwa ameshika tawi kwa vidole viwili, ua moja limejaa kioo kizima: nyuzi nne, unga wa njano. Dume. Alikuwa tayari amempata mtu wa kuja kuung'oa.

Nikamwambia asubiri kidogo, amuulize jirani mholi wake ulianza kuzaa lini. Jirani, mama mtu mzima aliyeishi nyumba ile tangu kabla ya watoto wake kuzaliwa, akafikiri, akasema kwa miaka mingi haukuzaa kitu, halafu ghafla, kama miaka mitatu iliyopita, ukaanza. Wakaitazama miti yao miwili, uzio katikati.

Desemba jirani aligonga mlango na matawi mawili mekundu yamefungwa kwa uzi. "Haya ni ya mume," alisema.